Fundo Ndani ya Jezi Feki

Nyinyi mliobaki karakana hamjaniacha nipumzike tangu nistaafu. Simu asubuhi, simu jioni. Mkutano wa mashabiki unakaribia, kazi ya jezi za timu imeturudia baada ya miaka mingi, na safari hii ni nyinyi mtakaokaa kwenye meza yetu pale langoni. Mnataka kujua mtazitambuaje jezi feki. Tena mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kwa nini tuliipoteza hiyo kazi mwaka wa 2008, kwa sababu amesikia ati Bwana Gurdip alikuwa akiuza jezi kwa mlango wa nyuma. Nimechoka kueleza kwa simu. Nimekaa na kalamu, chai iko, nitaandika yote. Vyeo vyangu sitavitaja, mtanisamehe. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilichoongezewa ni funguo za kubeba.

Niliingia karakana nikitoka Subukia, nikiwa na barua ya pasta na viatu vya dada yangu. Wakati huo mwenye mali alikuwa baba yake Gurdip, mzee wa kilemba cheupe ambaye hakunisalimu kwa muda mrefu sana na baadaye nikajua hamsalimu mtu yeyote. Alinionyesha kwa kidole kiti kilichokuwa karibu na dirisha, kando ya mwanamke mwembamba aliyekuwa akishona kwa mkono wa kushoto. Huyo ndiye Perpetua. Kila kitu ninachokijua kuhusu nguo nilikipata kwake, na alinifundisha kwa njia moja tu, nayo ni kufumua.

Nilishona ubavu wa fulana yangu ya kwanza nikampelekea nikijisikia. Hakutazama nje kabisa. Aliigeuza ndani, akashika pale mwisho wa mshono, akavuta. Ubavu wote ukafunguka kama mfuko wa unga.

"Umekata mkia," akasema.

Mashine ya ovaloki mnaijua. Ukimaliza mshono inakuachia uzi uliosukwa, mrefu kidogo, ukining'inia. Huo ndio mkia. Mtu wa haraka anaukata pale pale na nguo inapendeza siku hiyo. Perpetua aliushika kwa sindano nene, akaurudisha ndani ya mshono, kisha akaufunga fundo dogo ambalo huwezi kulihisi ukiivaa. Kila ubavu, kila nguo. Kwa kuwa alikuwa wa mkono wa kushoto, fundo lake lilizunguka kinyume na letu sote. Na kola alianzia bega la kushoto, wakati sisi wengine tulianzia la kulia. Mtu wa nje hangejua. Sisi tungeitambua nguo yake hata gizani.

"Na nani ataangalia huko ndani?" nilimuuliza siku hiyo, nikiwa karibu kulia.

"Mwili unakaa ndani, wewe. Kwani unamvalisha nani, ukuta?"

Mzee wa kilemba, pamoja na ukimya wake wote, alikuwa amemwagizia Perpetua makasi ya watu wa mkono wa kushoto. Yalitoka mbali. Sisi wengine tukiyashika yalikuwa yanatafuna kitambaa badala ya kukata, kwa hivyo hayakuwahi kupotea, na katika karakana yetu hicho kilikuwa kitu cha ajabu. Yalikuwa na msumari wake ukutani.

Gurdip alipochukua kazi kwa baba yake ndipo tulipopata jezi za timu. Timu yenyewe haikuwa ikishinda sana, lakini mashabiki wake walikuwa watu wa kweli. Kila mwaka walifanya mkutano wao hapa Nakuru. Wanafunzi walitoka Njoro, wakulima walitoka Subukia na Molo, wote wamevaa rangi moja, na wachezaji walikaa chini ya hema kutia sahihi kwenye jezi. Mwenyekiti wa mashabiki, ambaye watu wote, hata mkewe, walimwita Chairman, alikuwa na sheria yake: jezi feki haitiwi sahihi. Unatolewa kwenye laini. Alisema feki zinaiua timu, na hakuwa amekosea, kwa sababu pesa za jezi ndizo zilizowalipia wachezaji basi.

Mkutano wa 2007 nilikaa langoni na meza yetu. Hapo ndipo nilipojifunza yale ninayotaka mjue. Muuzaji wa feki haweki mzigo wake chini. Anauza akiwa ameubeba begani, tayari kuondoka. Ukimuuliza saizi nyingine, anakuambia hiyo hiyo itanyooka. Nusa nembo: wino wetu hauna harufu ukishakauka, wa kwao unanuka mafuta ya taa. Vuta kitambaa pale kwenye nembo, na ukiona imepasuka nyufa nyufa, achana nayo. Na lebo usiiamini hata kidogo. Lebo ndiyo rahisi kuiga kuliko vyote. Mwaka huo lebo zao zilikuwa nzuri kuliko zetu.

Kuna mtu mmoja siku hiyo ambaye sijamsahau. Alikuwa mzee wa ng'ombe wa maziwa kutoka kwetu Subukia, na jezi yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Alipofika mbele, Chairman akaishika nembo, na kipande kikabaki kwenye vidole vyake.

"Mzee, toka kwenye laini. Hii ni feki."

"Mimi nilinunua jezi," yule mzee akasema. "Sikununua feki."

Hakupiga kelele. Alitoka, akasimama kando ya ua akiwatazama wachezaji kutoka mbali, na jezi yake hakuivua. Perpetua alikuwa amekuja siku hiyo kunisaidia. Alimwendea, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, kisha akarudi mezani amekasirika.

"Tunawafukuza waliodanganywa," akaniambia. "Si tungewafundisha kabla wanunue?"

Basi tulirudi tukiwa na wazo hilo. Lakini Desemba ikaja, na uchaguzi, na yaliyofuata mnayajua, au mlisimuliwa. Siku ya mwisho ya kazi kabla ya kufunga, Perpetua aliyaning'iniza makasi yake, akavaa kabuti kuukuu la mumewe, akasema tuonane tukifungua. Mumewe alikuwa bawabu kwenye stoo ya mbolea. Walikuwa wakikaa mtaa ambao majirani waliazimana chumvi na viberiti miaka nenda miaka rudi.

Sitaandika sana kuhusu Januari hiyo. Tulikaa ndani. Moshi tuliuona. Tulipofungua karakana tena, wengine walirudi wamekonda, wengine hawakurudi, na waliorudi walikaa mbalimbali kwa namna ambayo haikuwepo awali. Mtu alikuwa akimkopesha mwenzake uzi bila kumtazama. Kiti cha Perpetua pale dirishani kilikuwa kitupu. Nilipita mtaani kwa Perpetua nikakuta kuta nyeusi na mabati yameng'olewa. Jirani mmoja aliniambia mumewe hakupatikana, na mama mwenyewe alionekana akipandishwa lori, na lori hilo hajui lilikwenda wapi. Aliyasema hayo akifua nguo, na hakuacha kufua.

Bwana Gurdip alizunguka na pikapu yake kwenye kambi za waliofukuzwa makwao, akimuulizia Perpetua. Nilikwenda naye mara kadhaa. Hema baada ya hema, matope, watoto wenye kikohozi, na tukitaja jina lake tunaonyeshwa Perpetua mwingine. Mwishowe tuliacha kutafuta bila kuambiana kwamba tumeacha. Fundi mmoja alipotaka kuutumia ule msumari kutundikia koti lake, Bwana Gurdip alimwambia atafute msumari mwingine. Hakupaza sauti, lakini hakuna aliyeugusa tena.

Mashabiki walipotangaza kwamba mkutano wa 2008 ungekuwepo, wengi tulishangaa. Nafikiri Chairman alitaka watu wakutane tena mahali ambapo rangi ya jezi ingekuwa ndiyo rangi pekee. Lakini feki zilikuwa zimejaa kuliko awali. Watu walikuwa wamepoteza kila kitu na yeyote aliyekuwa na mashine alikuwa akipata mikono ya bei rahisi. Chairman alikuja karakana akatuambia wazi: mkutano huu feki zikipita tena, anaipeleka kazi Nairobi. Na bila jezi, karakana yetu ilikuwa na oda za sweta za shule mbili na hakuna kingine. Sote tulijua hilo. Bwana Gurdip alikuwa ameshatuomba tuvumilie.

Ndipo nilipokumbuka maneno ya Perpetua. Nilimwambia Bwana Gurdip tuwafundishe mashabiki kitu ambacho mwigaji hawezi kukiiga kwa sababu kinamchelewesha. Mkia. Mwigaji hawezi kukaa anarudisha mkia wa kila jezi na kuufunga fundo. Angefunga biashara wiki hiyo hiyo. Tulikuwa tukifanya hivyo kwa kila nguo tangu zamani, kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekataa kufanya vingine. Bwana Gurdip alifikiri, akasema sawa.

Kwa hivyo siku ya mkutano nilisimama langoni na spika. Nikawaambia: kabla hujanunua, geuza ndani, shika ubavu pale chini, tafuta fundo. Ukilipata, ni yetu. Ukilikosa, mrudishie. Watu walicheka, wakaanza kupinduana nguo hapo hapo, wanafunzi wa Njoro wakishikana mbavu. Nilifurahi siku hiyo asubuhi. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Kabla ya saa sita, Chairman alikuja kwenye meza yetu ameandamana na askari, na katikati yao alikuwa mama mmoja na gunia la nailoni begani. Chairman alishika jezi.

"Wewe ndiye uliyesimama hapo na spika ukaambia watu watafute fundo," akaniambia. "Haya. Fundo hili hapa. Watu wamenunua, wamegeuza, wamelipata. Na hii haikutoka kwa meza yenu."

Niliichukua. Nilinusa nembo: mafuta ya taa. Ilikuwa feki, haina mjadala. Nikaigeuza ndani. Fundo lilikuwepo, dogo, safi, na lilikuwa limezunguka kinyume. Nikatazama kola. Ilianzia bega la kushoto.

Nikashika meza. Mtu anayeshona hivi nilimjua mmoja tu duniani. Yuko hai. Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa kichwani mwangu, yuko hai, yuko hai, na Chairman alikuwa bado anaongea. Nilimpa Bwana Gurdip ile jezi. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alikishika kile kifundo kwa muda mrefu.

"Boss, mimi nauza tu," yule mama alikuwa akimwambia askari. "Sijui kushona. Mimi napewa."

"Utatuonyesha unakopewa," askari akasema.

Chairman akamgeukia Bwana Gurdip. "Nataka jibu moja. Kama ni feki, huyu mama anapanda gari na askari saa hii, anatupeleka zinakoshonwa, na aliyeshona analala ndani. Kama si feki, basi ni zenu, na wewe umekuwa ukiniuzia mlango wa mbele na kuuza mlango wa nyuma. Chagua."

Nilitaka kuwe na jibu la tatu. Nilifikiria sweta za shule mbili, na wenzangu wote waliokuwa wakingoja kazi, na nikafikiria Perpetua akipandishwa lori kwa mara ya pili.

"Ni zetu," Bwana Gurdip akasema.

"Ati?"

"Zimetoka kwangu. Mwachilie mama."

Chairman alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Walikuwa wamesoma pamoja, hao wawili. "Gurdip," akasema, "mimi nilikuwa nakutetea." Kisha akatuambia tukunje meza yetu. Tulikunja mbele ya watu wote, na mashabiki walikuwa wakituzomea, na miongoni mwao niliona wale wanafunzi wa asubuhi.

Tuliibeba meza mpaka kwenye pikapu. Ndipo Bwana Gurdip akaniambia, bila kunitazama, "Mfuate huyo mama. Ujue yuko wapi. Mpelekee makasi yake."

Nilimpata yule mama nje ya lango. Aliogopa kwanza, kisha nilipomwambia ninamtafuta fundi wa mkono wa kushoto, akalegea. "Huyo mathe wa kambini? Anashona kwa vyumba vya nyuma ya soko. Mnajuana?" Nikamwambia tunajuana.

Siku iliyofuata niliyatoa makasi kwenye msumari, nikayafunga kwa leso, nikaenda. Kilikuwa chumba kimoja bila dirisha, ovaloki mbili, wanawake watano, wote kutoka kambini, wala hakuna aliyekuwa akiongea. Perpetua alikuwa pembeni. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe upande mmoja. Alikuwa akikata kitambaa kwa makasi ya kawaida, na kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa tambara kwa malengelenge.

Aliniona, akaacha kukata. Hatukukumbatiana. Aliniambia tu, "Umekonda."

"Na wewe."

Nilimwambia tulimtafuta. Nilimwambia kiti chake kipo, na Bwana Gurdip amesema arudi hata leo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ili nifike karakana lazima nipite pale mtaani kwetu," akasema. "Nilijaribu mara moja. Nilifika kwenye kona nikaona mtu amevaa kabuti la mzee wangu. Mtu ninayemjua. Nilimsaidia mkewe kujifungua." Akaushika uzi, akauachilia. "Alinisalimu. Akaniuliza habari za siku nyingi. Sirudi huko, usiniombe tena."

Sikumwomba tena. Nikamweleza yaliyotokea kwenye mkutano, kwa sababu alipaswa kujua: lile fundo, ile spika, Chairman, na Bwana Gurdip alichosema. Alisikiliza akitazama mikono yake. Kisha akachukua jezi iliyokuwa juu ya rundo, akaigeuza, akapapasa ubavu, akalipata.

"Sikujua ninalifunga," akasema polepole. "Niliambiwa nikate mkia nikimbize kazi. Nilifikiri nakata."

Alichukua nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa nalo. Alianza kulia hapo, bila sauti, akiendelea kupapasa. Nilimpa makasi. Aliyafungua kutoka kwenye leso, akaingiza vidole, akayafunga na kuyafungua hewani mara kadhaa, akisikiliza. Akaniambia nimwambie Bwana Gurdip asante. Kisha akaniambia niende, kwa sababu mwenye chumba alikuwa karibu kufika.

Kazi ya jezi ilikwenda Nairobi. Nusu ya mafundi waliachishwa, na wale walioachishwa wanaamini mpaka leo kwamba Bwana Gurdip aliwauza kwa tamaa yake. Aliwasikia wakisema hivyo na hakujibu. Tulishona sweta za shule, kijivu na maruni, miaka na miaka. Jambo lile hakulitaja tena, hata kwangu, hata alipokuwa akiumwa. Sasa amekwenda, mwanawe ndiye bosi wenu, na nadhani ukweli haumdhuru tena mtu. Basi mkisikia habari za mlango wa nyuma, mnajua la kujibu.

Msimu uliofuata nilipita sokoni nikaona jezi za timu zimetundikwa kwenye waya, feki zote. Sijui kwa nini nilisimama. Nilishika moja, nikatazama kola. Ilianzia bega la kushoto. Nikaigeuza haraka kutafuta fundo.

Halikuwepo. Mkia ulikuwa umekatwa karibu kabisa na kitambaa, kwa makasi makali sana, mkato ulionyooka. Niligeuza nyingine na nyingine mpaka muuzaji akaniuliza, "Mathe, unanunua ama unakagua?" Zote zilikuwa zimekatwa hivyo. Alikuwa amekumbuka kila moja. Mwanamke aliyenifumulia kazi mpaka nikakaribia kulia alikuwa amekaa kwenye kile chumba akijifundisha, nguo baada ya nguo, kushona vibaya, ili mkono wake usituletee shida tena.

Nilinunua hiyo moja. Kumtafuta nilirudi, lakini vyumba vilikuwa vimebomolewa na kambi ilikuwa imehamishwa, na mpaka leo sijui aliko. Jezi ninayo kwenye sanduku. Niliifua mara mbili tu na ubavu ukafunguka kuanzia pindo mpaka kwapani, kama alivyonionyesha siku ya kwanza. Mkija kunisalimia nitawaonyesha. Nyinyi ni mafundi, najua mikono yenu itawasha. Ila naomba mtu asiishone.